Shahidi Anayeoza Upesi

Chumba cha pampu,
6 Machi

Kwa mpwa wangu mpenzi, Mama Vichupa,

Pokea salamu kutoka chumba cha pampu. Ndiko ninakoandikia siku hizi, maana katika jengo zima la bwawa hiki ndicho chumba pekee kilicho kikavu. Sisi huku hatujambo. Mama yako hajambo, ila goti lake halijambo nusu tu. Amenunua redio mpya. Nimemwambia kwamba ukuta kati ya nyumba zetu ni wa sote wawili lakini nyimbo ni zake peke yake, naye akanijibu kwa kuongeza sauti. Ndiye dada niliyepewa, sina pa kumrudisha.

Bwawa nalo halijambo. Asubuhi, kabla sijafungua milango kwa watu, jua huingia kupitia yale madirisha ya juu, likishagonga maji, mwanga hurukia juu na dari nzima inaanza kutembea. Nimeitazama dari hiyo tangu nilipoajiriwa kulitunza bwawa hili na bado sijaizoea. Nikimaliza kupima dawa ya maji hukaa kwenye benchi nikaiacha itembee. Kisha huja Mwalimu Mstaafu, yule wa kofia ya mpira yenye maua ya buluu, unamkumbuka. Bado ndiye wa kwanza kila siku. Huogelea chali, polepole, macho juu, na kila akifika upande wangu husema maji ni baridi. Nami humwambia maji si baridi, ni yeye aliyezeeka. Tunaambiana hivyo tangu wewe uko shule ya msingi.

Mimi siingii, sababu unaijua. Vile vidonge vyangu vya damu na miguu yangu havipatani. Nikigusa maji tu, shavu la mguu linakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Kinyozi hajinyoi, na mtunza bwawa haogelei.

Sasa lile jambo. Kipimo changu cha damu kimerudi kliniki, cha pili mfululizo, na kimeandikwa “haukuonekana.” Daktari wa hapa amenishika bega. Amesema kikirudi hivyo tena tutazungumza habari ya kuacha vidonge. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyevuliwa viatu vilivyojaa maji. Sasa kwa kuwa wewe ndiye unayekaa na hizo mashine za kupimia damu, niambie: hao wanaotazama, wanatazama vizuri?

Usinipigie simu. Humu ndani kila neno hujibiwa na kuta, na mimi nikishika simu husema nisichokusudia. Andika.

Mjomba wako.


Maabara, orofa ya chini kabisa,
22 Machi

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za dharura, ndipo mahali pekee hapa penye mwanga wa jua. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga ni kilekile, juu ya fundi viatu, kwa hiyo naamka na harufu ya gundi na kulala na harufu ya gundi. Mwambie mama goti alikande kwa maji ya moto, na redio isiwe dawa ya kila kitu. Juzi nimeota bwawa lako. Lilikuwa halina maji ila dari ilikuwa inatembea vilevile, nami nilikuwa chini kwenye vigae nikitafuta kitu kidogo sana, na sikuona ajabu yoyote.

Damu za wilaya yenu huletwa kwetu. Huja na namba tu, hazina majina, kwa hiyo huenda nimeshaishika yako mkononi nisijue. Wazo hilo linanijia kila ninapovaa glavu.

Ngoja nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Saratani ya damu yako ni ya mwendo wa pole. Kila chembe yake huandika ujumbe mmoja ambao chembe zenye afya hazina. Ujumbe huo umeandikwa kwa kitu kiitwacho RNA. Tukiuhesabu ujumbe ndipo tunapojua saratani imebaki kiasi gani. Kidonge kikifanya kazi unapungua, unapungua, mpaka hauonekani. Shida ni kwamba RNA ni kitu laini mno. Imeumbwa isomwe kisha ipotee. Jasho la kidole kimoja linatosha kuimaliza, na ndiyo maana humu tunagusa vitu kana kwamba vimelala usingizi.

Mwaka huu tunatakiwa kuchagua njia moja ya kuipima. Ipo ya zamani: unaunakili ujumbe, nakala juu ya nakala, mpaka ung'ae. Ukiwahi kung'aa, ulikuwa mwingi. Ukichelewa, ulikuwa mchache. Na ipo mashine mpya, ambayo hulipasua tone moja kuwa vitone maelfu kisha huhesabu vinavyowaka. Mkuu wa maabara ameipenda hiyo tangu siku ile wakala anayeiuza alipozima taa za chumba cha mikutano akatuonyesha picha ya vitone hivyo, kijani gizani, kama mji unaouona kutoka kwenye ndege. Hata mimi nilipumua kwa nguvu, nisiseme uongo.

Njia zote mbili zina shahidi. Shahidi ni ujumbe mwingine wa kawaida, ambao kila chembe huuandika, ya mgonjwa na ya mzima. Tunauhesabu sambamba na ule mbaya. Shahidi akiwepo na mbaya hayupo, tunaandika “haukuonekana.” Shahidi naye akikosekana, tunajua damu imeharibika njiani na tunaomba nyingine. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, wanatazama vizuri.

Ila niambie, damu yako ikishatolewa kliniki inakaa wapi, na inasafiri na nini? Nauliza tu.

Mpwa wako.


Chumba cha pampu,
3 Mei

Mama Vichupa, marahaba,

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Sikuwa na kazi nyingi, nilikuwa na furaha nyingi, na furaha haikai mezani ikaandika. Mama yako ameibadilisha redio, sasa anasikiliza mtu mmoja anayesoma hali ya hewa ya miji ambayo hatutaifikia kamwe. Anasema inamtuliza. Mimi pia nimeanza kusimama karibu na ukuta nisikilize kama huko kwao kuna mawingu.

Habari kubwa: nimeogelea. Usicheke. Wiki iliyopita, kabla ya kufungua, nilivua viatu, nikavua na mengine, nikaingia. Miguu ilitulia. Nilikwenda mpaka kule na kurudi, halafu nikajilaza chali kama Mwalimu. Masikio yakiwa ndani ya maji unazisikia pampu zikisema kitu kimoja tu, muda wote, bila kukinai, na dari ile ninayoitazama kutoka benchi nikaiona kwa mara ya kwanza iko juu yangu kabisa, inanijia. Sijui nilikaa hapo kiasi gani. Mwalimu ndiye aliyenizindua. Alisimama ukingoni na kofia yake akaniuliza, “Wewe ni nani, na mtunza bwawa yuko wapi?” Tangu hapo tunaogelea sambamba kila asubuhi, kila mtu na upande wake. Mpwa wangu, nilikuwa nimesahau kwamba nina mwili usiouma.

Kipimo cha tatu nacho kimekuja kama ndugu zake. Daktari yuko likizo, kwa hiyo yale mazungumzo yetu bado. Habari za mabasi muulize mama yako, yeye ndiye ajuaye nauli zote.

Mjomba wako mwenye ngozi ya vidole iliyokunjamana.


Maabara,
12 Mei

Shikamoo mjomba,

Natumaini wote hamjambo. Mimi sijambo, ila silali vizuri.

Hukunijibu habari ya safari ya damu, nikamuuliza karani wetu wa mapokezi. Damu ya kliniki yenu hungoja mpaka basi la mizigo lijae. Wakati mwingine hungoja sana. Kisha hufika hapa ndani ya boksi la karatasi lenye joto la kiganja cha mkono.

Basi nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nilichukua damu iliyobaki ya mgonjwa mmoja, ambayo tunajua ujumbe mbaya umo, na umo tele. Nikaigawa. Nusu niliipima siku hiyohiyo, na ujumbe mbaya ulionekana. Nusu niliiacha dirishani kwenye ngazi za dharura, ilale huko kama inavyolala kwenye basi lenu, kisha nikaipima. Chumba chetu cha kupimia hakina dirisha. Unazima taa, unakaa, na kutoka kwenye upenyo wa mashine unatoka mwanga mdogo wa buluu, nawe unangoja mstari uanze kupanda kwenye skrini. Mstari wa shahidi ulipanda vizuri, mzima, kana kwamba damu imetolewa sasa hivi. Mstari wa ule mbaya haukupanda. Nilingoja mpaka mwisho. Nilirudia.

Umenielewa, mjomba? Shahidi wetu ni sugu. Wengine wote wakioza njiani yeye anafika na koti lake limenyooka, anasema “nipo,” nasi tunaamini kwamba na wengine wangefika kama wangekuwepo. Si mwongo. Tulimuuliza kama yupo, naye alikuwepo.

Kwa hiyo kule juu wanabishana mashine ipi, ya zamani au ya vitone, na mimi nawaambia mashine yoyote itadanganywa vilevile. Kinachotakiwa kuchaguliwa ni shahidi. Tunataka shahidi laini kama yule anayemsemea, anayeoza upesi kama yeye, ili akifika yeye tujue na mwenzake angefika. Wapo wa namna hiyo, wanajulikana. Mkuu amesema nikimtumia huyo, nusu ya damu za mbali itakataliwa, na wakubwa wataona maabara haifanyi kazi. Nimemjibu kwamba ni bora tukatae damu kuliko kumdanganya mwenye damu. Hatujasemeshana tangu Jumatatu.

Sasa swali langu, na nakuomba usilipeleke kwa mama. Mguu wako ulikuwa unakaza hata kwenye beseni. Leo unavuka bwawa na kurudi. Mjomba, unameza vidonge? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeandika methali hiyo nikaifuta, halafu nimeiandika tena.

Njoo huku tukupime. Au nijibu tu.

Mpwa wako.


30 Juni

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Sisi sote huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama yako anakusalimu sana. Kazi inaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi juu yangu. Huku ni salama tu, sijui huko kwako. Sina neno jingine ila salamu.

Mjomba wako.


Maabara,
5 Julai

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeisoma kama ninavyosoma vipimo, na nakwambia nilichokiona.

“Hatujambo” imefika. “Salama tu” imefika. Hizo ni salamu sugu, hata mtu anayezama huweza kuziandika. Lakini redio haimo. Goti la mama halimo. Dari haimo, kofia ya maua haimo, na hukuniita Mama Vichupa. Hata chumba cha pampu hukukitaja pale juu. Yale yote laini hayakufika. Na mimi kazi yangu ni kujua kwamba hayo yasipofika, “sina neno” haina maana yoyote.

Umeacha vidonge tangu kabla hujaingia majini. Uliacha kwa sababu karatasi yetu ilikwambia hakuna kitu. Sikulaumu hata chembe. Ningekuwa wewe na dari ile ikanijia, ningeacha pia. Lakini sasa naogopa, mjomba. Nadhani nawe unaogopa, ndiyo maana umeandika kama karani. Ulinibeba mgongoni kutoka kisimani hadi shuleni mwaka ule wa mafuriko, ukaniambia nisitazame chini. Nami sikutazama. Safari hii acha nitazame mimi.

Nakuja Jumamosi, nitakuwa na kisanduku cha barafu. Usimwambie mama kwa nini, mwambie nimemkumbuka, ambalo ni kweli. Wewe kunja tu mkono wa shati.

Mpwa wako.


Maabara,
24 Julai

Shikamoo mjomba,

Nilifika salama. Mwambie mama kile kitambaa alichonifungia chakula nitakirudisha, na kwamba dereva aliniomba nizime “hiyo friji” kwa sababu alidhani kisanduku kina betri. Nilikipakata njia nzima. Watu walidhani nimebeba samaki.

Nakushukuru kwa kukunja mkono wa shati pale kwenye chumba cha pampu. Uliponyoosha mkono ukageuka kutazama pampu, nikaona mashavu yamepungua. Nikaona pia shati lilivyolowa jasho na asubuhi ilikuwa ya ubaridi. Nami niliinama nikafunga kisanduku. Tumefanana, ndiyo shida yetu.

Ujumbe ulionekana, mjomba. Nilikaa gizani nikaitazama mistari miwili, wa shahidi mpya, yule laini, na wa yule mbaya. Wa shahidi ulipanda kwanza. Damu yako ilifika nzima, barafu ilifanya kazi yake. Halafu kwa muda mrefu hakukuwa na kitu, na nikaanza kukusemesha, nikakwambia lala chali, lala tu. Kisha ule wa pili ukaanza kuinuka. Umeinuka kwa kuchelewa. Maana yake umerudi, ila bado ni mdogo. Tumeuwahi. Nimezungumza na daktari wa huku naye amezungumza na wa kwenu aliyerudi kutoka likizo. Wote wawili wamesema neno moja: vidonge virudi leo, si kesho. Wamesema viliuweza ugonjwa mwanzo na hakuna sababu visiuweze sasa. Siku moja, tukiuhesabu vizuri na usionekane kweli, miaka na si miezi, habari ya kuacha itazungumzwa. Nitakuwepo.

Nililia kidogo. Mkuu alifungua mlango akaniona, akaiona na karatasi. Nilimwekea mbele ile ya zamani na hii mpya, namba moja ya mgonjwa, ile niliyoinakili kwenye kadi yako, kliniki moja. Hakuniuliza ni nani. Alikaa kwenye stuli yangu akazitazama mpaka mashine ikajizima yenyewe. Jana ametia saini. Hatununui mashine ya vitone mwaka huu, tunabaki na ile ya kunakili, lakini shahidi ni mpya. Damu za mbali zitakuja kwa barafu au zisije. Na wote walioandikiwa “haukuonekana” kutoka kliniki za mbali wanaitwa kutoa damu upya. Ni watu wengi. Nawafikiria wakipokea habari hiyo, kila mmoja na bwawa lake.

Sitakuuliza kila wiki kama unameza. Najua utanijibu nini, utanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Niandikie yale laini tu, nitapima mwenyewe.

Mpwa wako.


Chumba cha pampu,
19 Agosti

Marahaba, marahaba, Mama Vichupa,

Mama yako hajambo. Goti limehamia kulia. Yule mtu wa hali ya hewa ameugua koo na nafasi yake imeshikwa na mwanamke anayesoma haraka mno, mvua ya mji mmoja inanyesha kwenye mji mwingine, na mama yako amewaandikia barua ya malalamiko. Kitambaa chake anakitaka.

Humu ndani tumepata kigae kipya kando ya ngazi, ni cheupe zaidi ya wenzake na kila mtu anakikwepa asikikanyage, kwa hiyo hakitachakaa kamwe na kitatuaibisha milele. Dari inatembea. Siku hizi jua limehama kidogo, linaanzia kule kwenye saa ya ukutani, linakuja taratibu mpaka juu ya benchi langu, na kuna asubuhi nasahau kufungua mlango mpaka watu wagonge.

Siogelei. Mwalimu aliniuliza mara moja kwa nini, nami nikamwambia yote, tangu mwanzo, nikiwa nimeshika chupa ya dawa ya maji. Alivua kofia, ndiyo mara yangu ya kwanza kuziona nywele zake, akakaa nami ukingoni tukatia miguu majini. Tulikaa hapo, pampu zikisema neno lao. Baada ya muda nikamwambia, unajua, haya maji kweli ni baridi. Alinitazama kwa namna ambayo nadhani watoto waliofeli hesabu waliwahi kuiona. Akasema, “Miaka yote hii.” Sasa tunakaa hivyo kila siku kabla hajaingia, na akiingia huogelea upande wangu, si upande wake.

Lile jambo letu, sina neno nalo.

Ila leo asubuhi nilikuwa nafagia maji kuyapeleka kwenye mfereji, shavu la mguu wa kushoto likakaza mpaka ufagio ukanitoka. Nilikaa chini kwenye vigae vilivyolowa nikautukana mguu kwa maneno ambayo mama yako hajui kama nayajua. Mwalimu akatoka majini, na kofia yake, akanikanda. Akaniuliza kama inauma.

Nikamwambia inauma vizuri.

Mjomba wako.